Kiganja cha Mama Mashine

Mama Mashine alilipata jina hilo kihalali. Miaka ishirini na miwili alikuwa akisaga nafaka za mtaa mzima kwenye chumba chake cha mabati, na unga aliupima kwa kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikwaruza hata kidogo, unarudishwa kwenye mashine, mteja apende asipende.

Kisha watu wakaanza kusema ana maringo: unamsalimia, anakupita kama hakuoni. Yeye naye alidhani watu wa siku hizi hawafungui vinywa wakiongea.

Kilichomuumbua ni simu ya bintiye, ambaye ni mwalimu. Binti alisema atafika saa sita mchana. Mama akasikia saa tisa, akafunga nyumba na kwenda zake sokoni bila haraka. Aliporudi alimkuta binti amekaa mlangoni juu ya begi, amenuna.

"Mama, nimekaa hapa saa tatu nzima!"

"Si ulisema tisa?"

"Sita, mama. Sita!"

Kesho yake wakaenda hospitali. Mpimaji wa masikio alimvalisha Mama Mashine vipokea sauti, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Milio mizito aliibonyezea yote. Ile myembamba ilipita, naye katulia tu kama anayesubiri basi.

"Ndani kabisa ya sikio," mpimaji alieleza, "kuna kitu kimejikunja kama konokono. Mna vinyweleo vidogo sana humo. Sauti ikiingia vinacheza, na mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo. Kelele za miaka mingi zimeviua, na vikifa havioti tena. Vya sauti nyembamba ndivyo hutangulia. Ndiyo maana ngurumo unaisikia, lakini 's' na 't' zinakupotea."

"Kwa hiyo sita na tisa kwangu ni mapacha."

"Hasa."

Binti akadakia, "Basi afunge mashine, au siyo?"

"Azibe masikio akiwa kazini. Na kifaa cha kusikia kitamsaidia kwenye mazungumzo."

Mama Mashine akamgeukia bintiye. "Hiyo nimeisikia vizuri kabisa."

Wiki mbili baadaye fundi alikuja kubadilisha beringi, ile pete ya chuma inayobeba mhimili wa mashine. Alipomaliza akaiwasha na kutega sikio, kisha akainua dole gumba: safi. Mama Mashine, masikio yamezibwa, akabandika kiganja kwenye ubavu wa mashine na kufumba macho. Akatikisa kichwa.

"Zima."

Fundi akazima, lakini kwa shingo upande. "Mama, mimi nina miaka kumi kwenye kazi hii."

Mama akatoa vizibo. "Gusa hapo ulipofunga. Taratibu, baba."

Fundi akashika kwa kujiamini. Mkono ulichomoka wenyewe, na ulikuwa umeshafika kifuani pake ndipo akapiga yowe. Ndivyo tulivyoumbwa: uti wa mgongo huondoa mkono kwanza, maumivu yakafika kwenye ubongo baadaye. Mama akamshika kifundo cha mkono, akampeleka bombani, akamwagia maji vidole vile hadi uso wake ulipolegea.

Walipofungua, beringi ilikuwa imekaa upande, ikisuguana hadi chuma kikapata moto.

"Umejuaje?" fundi akauliza. "Mimi nimesikiliza, sikusikia kitu."

"Mashine nzima hutetemeka. Lakini huu ulikuwa mtetemo mdogo, wa haraka haraka, kama siafu anatembea chini ya ngozi. Ncha za vidole zina mishipa ya kazi hiyo, na ya kwangu imesomea hapa hapa."

Binti aliacha habari za kufunga mashine. Alijifunza kumgusa mama bega kwanza, asimame mbele yake, ndipo aseme. Wateja wakamwiga. Waliozidisha sauti Mama aliwakatiza: "Usinipigie kelele. Nitazame."

Na fundi? Akimaliza kazi kwenye mashine za mitaa mingine, huja kumchukua Mama Mashine akague. Mama hufunga chumba chake cha mabati, hutia vizibo mkobani na kutangulia mbele, fundi akimfuata na sanduku la vifaa.