Chupa ya Mwani Niliyoipeleka Talatala

Bwawa langu la spirulina, ule mwani mdogo wa kijani unaokaushwa na kuchanganywa kwenye unga wa lishe, lilikuwa limekufa mara mbili, na mume wangu alishaanza kuliita kaburi. Nilibaki na chupa moja ya mbegu hai. Nikasikia kwamba Talatala, wilayani Kyela, yupo mama anayevuna kila wiki na kumuuzia msaga unga wa mjini. Nikasema lazima nimwone.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Mbeya kwa basi nimevaa sweta, chupa nimeipakata, kifuniko nimekilegeza ipate hewa. Tulipofika Kyela saa nne sweta lilikuwa kwenye mfuko. Mwenye bodaboda alinitazama.

“Dada, juisi gani hiyo?”

“Ukiinywa utanisimulia.”

Alicheka mpaka Talatala.

Mama Tumpe, mwenyeji wangu, alinipokea kwa mikono miwili. “Mugonile,” nikamsalimu kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza. Lakini alipofunua bwawa, maji yalikuwa ya njano. Nilisikia uchungu kana kwamba ni langu.

Mwani huu hutaka maji ya magadi. Mama Tumpe huyapata kwa majivu ya maganda ya ndizi, anayachuja kwenye chungu kilichotobolewa kitako. Majirani waliposikia anatafuta majivu, kila mmoja alikuja na majivu ya jikoni kwake, mengine ya maganda ya kakao, makali ajabu.

“Mtu amekuletea majivu yake mpaka mlangoni,” alisema, “utamwambia arudi nayo? Nikamimina yote, makali yakaua mwani.”

“Na mbegu ya akiba?”

“Yote ilikuwa humu. Na msaga unga anangoja mzigo Ijumaa.”

Akaitazama chupa yangu, kisha akatazama pembeni. Hakuomba. Nakiri nilivuta mfuko karibu yangu. Nilikuwa nimekuja kuchukua maarifa, si kuacha kitu. Nilikunywa chai yake yote nikiona haya.

Mchana tulijaza maji mapya kwenye vyungu vitatu vya Wakisi, wafinyanzi wa ufukweni, kwa majivu ya ndizi peke yake. Nikamimina nusu ya chupa.

“Ndaga fijo,” alinishukuru. Kisha akampigia msaga unga na kumweleza ukweli. Naye akakubali kusubiri mwezi mmoja.

Kesho yake nilirudi Mbeya. Baridi ya wiki ile ikaiua nusu iliyobaki chupani. Nililia, na mwezi ulipopita nikapiga simu Talatala.

“Mbegu yako ipo,” alisema Mama Tumpe. “Ilijaa vyungu, sasa iko bwawani, na mzigo wa kwanza umekwenda. Njoo na chupa.”

“Na majivu ya majirani?”

“Nayapokea na kushukuru. Wakiondoka, nayapeleka kwenye migomba.”

Nilikwenda kujifunza kutunza mbegu. Iliyobaki ni ile niliyoitoa kwa shingo upande.