Nilimwambia mdogo wangu imani yake haitoshi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe, hapa hapa Mpanda, na chumvi sijaongeza.

Nianze na waliosema siwezi. Nilipoondoka kwenda Mwanza kusoma, majirani walisema sitamaliza hata mwaka, nitarudi kuanika dagaa kwetu Ikola, kando ya ziwa, kama wengine.

Nilirudi na diploma ya ujenzi. Leo nina fremu mbili Kashaulili, nauza bati, misumari na saruji. Nyumba ninayo. Paa jipya la kanisa nimeezeka mimi, na mwaka uliofuata wakanichagua mzee wa kanisa. Mnivumilie, najisifu kwa sababu nilifanya.

Mdogo wangu Deusi alibaki Ikola. Kazi ziwani, hela yote kwenye pombe. Aliishi na mwanamke bila ndoa, kanisa likamtenga.

Kwa wasiojua: kwetu ukitengwa hupewi Chakula cha Bwana mpaka usimame mbele ya washarika, uungame, ndipo urudishwe kundini.

Mwaka huu ini lake likaharibika. Hospitali wakasema turudi naye nyumbani. Nikampa chumba cha wageni, mama akawa anamhudumia.

Alhamisi mchungaji alikuja kumwona. Deusi akaomba Chakula cha Bwana, na mchungaji alishafungua mkoba wake.

Nikamzuia. Nikasema utaratibu ni utaratibu, asubiri Jumapili, tutambeba mpaka kanisani asimame hata kwa kushikiliwa. Mchungaji ni kijana, na paa analohubiri chini yake anajua limetoka wapi. Akafunga mkoba.

Alipotoka, Deusi akaniambia polepole, "Kaka, mimi sina cha kuonyesha. Namwamini Yesu tu. Haitoshi?"

Nikamjibu, "Haitoshi."

Akageukia ukutani.

Wakuu, nilijiambia nalinda kanisa. Ukweli mwingine nausema hapa kwa kuwa hamnijui: iliniuma kwamba mtu aliyekunywa maisha yake yote apewe kile kile ninachopewa mimi.

Alifariki Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa dukani.

Kwenye mazishi mchungaji alisema Deusi amehesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo. Washarika wakaimba. Nilisimama na wazee wenzangu, hasira imenijaa. Nani kamruhusu kumzika kikanisa mtu aliyetengwa?

Matanga yalipoisha nikamwambia mama kwamba mchungaji nitampeleka kwenye baraza la wazee. Alikuwa anapeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Mdogo wako alipewa Ijumaa," akasema. "Nilimfuata mchungaji mwenyewe, wewe uko dukani. Alikula akalia. Akaniambia, mama, kaka asijue, atakuja kuninyang'anya."

Akaendelea kupeta.

Mdogo wangu alipokea cha bure kwa kujificha, kama mwizi, ndani ya nyumba yangu. Na aliyekuwa anamwogopa ni mimi.

Kwenye baraza sikwenda. Nilikwenda kwa mchungaji, nikamuuliza nifanye nini. Nilikuwa tayari kwa lolote: kujenga uzio wa kanisa, kuacha cheo cha uzee, kusimama mbele ya washarika wote. Akasema, "Mzee, hakuna cha kufanya. Ni kupokea tu, kama Deusi."

Sasa ni mwezi wa tatu tangu tumzike. Kusoma niliweza, kujenga niliweza. Hili la kwenda na mikono mitupu bado limenishinda. Siku ya Chakula cha Bwana natoka nje, nakaa kwenye gari mpaka wamalize.

Nilichojifunza: hakuna anayehesabiwa haki kwa bati. Nimefundishwa hivyo tangu kipaimara na nikayajibu vizuri kwenye mtihani, lakini kuyaamini ni kitu kingine, na aliyeyaamini nyumbani kwetu ni yule mlevi.

Kama yupo humu aliyewahi kumwambia mgonjwa neno, mgonjwa akaondoka nalo, aandike hapa chini anaishi nalo vipi. Nitasoma yote, hata ya kunitukana.