Baba mkwe alivyokataa kupiga kura baada ya jimbo lake la Glasgow kufutwa

Wakuu, poleni na majukumu.

Nipo Brussels, mvua inanyesha tangu asubuhi na mke wangu hataki kuongea na mtu, nikaona bora nije huku kwenu. Hii siyo chai, ni kisa cha kweli. Mwenye kiu ya chai aende jukwaa la mapenzi, kule wanachemsha kila siku.

Mke wangu Kirsty ni Mskoti. Tulikutana Glasgow nikisoma masters, kazi yake ikatuleta Ubelgiji, tukapanga apartment ghorofa ya kwanza hapa mtaa wa Auderghem. Mama mkwe alipofariki tukamchukua baba yake, Mzee Alec, tukae naye.

Mzee hakuwa mwanasiasa, alikuwa fundi bomba. Lakini kila uchaguzi yeye na marehemu mkewe walizunguka jimbo la Glasgow Central kukiombea chama chao kura, mlango kwa mlango. Mitaa ya zamani kule ni ghorofa za mawe, familia kibao zinatumia ngazi moja. Utaratibu wao ulikuwa huu: unapanda kwanza mpaka juu kabisa, halafu unagonga ukishuka. Ukianza chini, miguu ikichoka utawaruka wa juu, na wa juu ndio waliozoea kurukwa. Hilo alinifundisha hata kabla hajanikubali kuwa mkwe.

Sasa jimbo lenyewe lina historia yake. Liliwahi kufutwa huko nyuma, likakaa kaburini miaka, likafufuliwa. Halafu kabla ya uchaguzi mkuu uliopita wa Waingereza mipaka ikachorwa upya, likafutwa tena, vipande vikapewa majimbo jirani. Mtaa wa Mzee ukaenda na kipande kimojawapo.

Mimi nilicheka, kusema kweli. Bongo majimbo yanakatwa kama keki ya harusi. La kwetu nilisikia limegawanywa kwenye group la WhatsApp, nikaweka emoji, nikaendelea na wali wangu.

Raia wao anayeishi nje anaweza kupiga kura kwa posta, kwa anwani yake ya mwisho kule. Na Mzee kumbukumbu zilishaanza kumtoka, siku nyingine anamwita Kirsty jina la mama yake. Kirsty alikuwa na ombi moja tu: baba apige kura hii moja angali anajijua, maana maishani mwake hakuwahi kukosa.

Karatasi ya kura ikaja. Mzee akavaa miwani, akasoma jina la jimbo pale juu, akairudisha mezani.

"Hii ni ya watu wengine," akasema. "Irudisheni, mwenyewe ataitafuta."

Kirsty akamweleza habari ya mipaka. Akamweleza tena, taratibu.

Mzee akamwangalia. "Nani aligonga mlango wangu kuniuliza?"

Hapo sikucheka tena.

Kesho yake narudi kutoka dukani, mlango wetu wazi, Mzee hayupo, koti na tai yake havipo. Kabla sijajua nianzie wapi simu ikaita. Ni Maman Béa, Mkongo wa Kolwezi, jirani yetu wa ghorofa ya tatu. Huwa ananiita kwa jina la binti yetu.

"Papa Neema, kuya mbio. Mukwe yako iko hapa kwangu. Anaongea anglais, mimi sisikii, bon, nimemupa chai."

Nikamkuta Mzee kwenye kochi, kanyooka, penseli mkononi. Alikuwa ameanzia ghorofa ya juu kabisa, bila kutumia lifti. Huko juu kuna bwana mmoja alishalalamika kwa msimamizi wa jengo kwamba kuna kichaa anagonga milango.

Mzee akaniomba nitafsiri: je, mama huyu atapiga kura Alhamisi? Nikamnong'oneza Maman Béa kisa chote, kwamba hata hilo jimbo halipo tena.

Akazungusha kikombe chake.

"Kwetu vile vile. Mimi nilizaliwa Katanga, leo banasema niko wa Lualaba. Mimi sikutembea, ni mupaka njo ilitembea. Alors, mwambie papa nitavota. Mwambie anihesabie."

Nikamwambia. Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, akainuka. Bado kulikuwa na milango huko chini. Basi tukashuka wote, mimi nikiomba radhi kwa Kifaransa changu kibovu, yeye akisalimia watu kwa majina ya majirani wa Glasgow, wengi wao marehemu.

Ile karatasi hakuigusa. Alhamisi ikapita. Kirsty alifungulia bomba la jikoni ili baba asisikie akilia.

Mwezi uliopita Mzee amefariki. Tumemzika Glasgow kando ya mkewe, kwenye makaburi yale yale, ila siku hizi sijui hata yako jimbo gani.

Tangu turudi, Kirsty akiingia kwenye lifti haji moja kwa moja nyumbani. Anaenda nayo mpaka juu, halafu anashuka kwa miguu, anasimama kila mlango, hagongi. Jana Maman Béa alifungua akamkuta amesimama pale nje, akamvuta ndani. Nilipoenda kumchukua, Maman Béa akanisindikiza hadi ngazini.

"Papa Neema, ile voti nilimupa papa ahadi yake, sasa nitaipeleka wapi?"

Nikashuka nalo swali hilo hadi kwetu, wakuu.

Nilichojifunza: usimcheke mtu anayelilia mstari kwenye ramani. Mitaa ukishaizunguka kwa miguu yako miaka yote hiyo, hakuna wa kukuambia siyo yako. Mwenye mzazi amuulize kwao ni wapi angali analijua jibu. Mimi leo nampigia mama anieleze kipande chetu kilienda upande gani.

Na nyie kwenu mmekatwa? Kuna aliyekuja kuwauliza? Semeni, nasoma zote. Na mwenye jibu la swali la Maman Béa aliandike hapa, nitampandishia ghorofa ya tatu.