Yowe la Kwanza na Waitikiaji Wake

Siku ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Bariadi, nilikabidhiwa ndoo na fagio. Wazazi walikuwa wamefariki, nami nikaacha shule nimlee mdogo wangu Kabula, mwenye kifafa. Ndiyo miaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, na dawa zilizokosekana hospitalini zikapatikana madukani kwa wenye fedha. Kabula alipopika, nilikaa nikiutazama moto. Niliogopa asije akauangukia.

Baadaye Mganga Mkuu alinihamishia kwa mtafiti kutoka Dar es Salaam, aliyeleta mashine ya kupima umeme wa ubongo. Kalamu zake zilichora mistari kwenye karatasi ndefu. Seli za neva zilipofyatuka kwa pamoja, mstari ulitoa mwiba. Kazi yangu ilikuwa kuweka alama penye miiba. Ulikuja mmoja, likafuata kundi, kisha kimya.

"Mbona inafuatana hivi, Daktari?"

Akacheka. "Msukuma unaniuliza mimi? Mwano wenu unaendaje?"

Mwano ni yowe la wizi wa ng'ombe. Nyumba moja ikipiga, kila jirani anayesikia sharti aipokee kwa kupiga yake.

"Yowe la kwanza huwezi kulitabiri," alisema. "Ila kila yowe huongeza uwezekano wa lingine, halafu uwezekano huo hupungua kadiri muda unavyopita. Tunauita mchakato unaojichochea. Kila mpigaji akiamsha chini ya mmoja kwa wastani, kelele hufifia. Akiamsha zaidi..."

"Wilaya nzima iko nje na mikuki!"

"Basi hicho ndicho kifafa, dada."

"Na dawa?"

"Haimzibi mdomo mpigaji wa kwanza. Inapunguza waitikiaji."

Jioni ile nilimkuta Kabula amekunja uso. "Dada, naacha vidonge hivi unavyoninunulia. Mkono bado unaruka. Dawa gani hii?"

"Ukisharuka, unaanguka?"

"Siku hizi sianguki."

"Mkono ndiyo nyumba ya kwanza. Nani ameitikia?"

Akautazama mkono wake, kisha akacheka. "Majirani wamelala!" Akameza kidonge.

Ninyi mnaoanza sasa kazi hii ya kusoma mistari mna kompyuta zinazoweka alama zenyewe. Sina wivu. Nilichokitaka katika kazi ile nilikipata.

Siku niliyostaafu Kabula alisonga ugali. Mkono ukamruka, mwiko ukagonga sufuria, akaendelea kusonga. Niliusikia mlio tu. Nilikuwa nimempa mgongo, yeye na moto wake.