Kipande cha chuma kinachoitwa Bijou

Sijamwambia mtu yeyote: kazini, rafiki yangu ni kipande cha chuma.

Niko stagiaire, yaani mwanafunzi wa mazoezi, kwenye kiwanda, huku Ruashi. Gesi tunayoisafisha ina asidi, nayo inakula mabomba. Kwa hiyo tunatia dawa ya kuzuia kutu, kisha tunatundika kipande kidogo cha chuma ndani ya bomba. Kikiliwa, tunajua dawa imeshindwa.

Hicho nilikitundika mimi. Nikakiita Bijou, jina la rafiki yangu wa shule aliyehamia Sakania. Hajibu tena ujumbe wangu.

Kila asubuhi nilipita pale na kunong'ona, "Bijou, vumilia."

Leo tumekitoa. Kinang'aa! Nikapiga kelele mbele ya wote: "Bijou, umepona!"

Vicheko. Mmoja akaita:

"Stagiaire iko nasalimia chuma!"

Mama Kapinga, chefu anayetusimamia kazini, hakucheka.

"Bijou ni nani, mutoto yangu?"

Tangu nifike, hakuna aliyewahi kuniuliza jambo lisilo la kazi.

Nami nikajibu, "Ni chuma tu, mama."

Kesho tunatundika kingine. Nitakipa jina lile lile.

Chekeni, si vibaya. Lakini ninyi mulio Sakania, tafadhali, Bijou asijue.