Vyombo Nilivyopeleka Kitchen Party

Jamani, niseme ukweli mapema nisije nikaonekana najitetea: mpaka leo nikienda lile duka la vyakula vya kwetu pale Blacktown, hapa Sydney, kununua unga na dagaa, nachungulia kwanza dirishani kama kuna mama yeyote wa Kitanzania ndani, na nikimwona hata mmoja nageuza, naenda kunywa kahawa ambayo sina hamu nayo, mpaka atoke. Sijagombana na mtu. Ni aibu tu, na aibu yenyewe ilianzia kwenye neno moja ambalo nalijua tangu utotoni, neno ambalo siku ile ningeuliza tu "lipi kati ya mawili?", leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Naitwa Sudi (ndiyo, maana yake bahati, ngojeni kwanza kucheka). Nafanya kazi ya kompyuta mjini, kwenye ofisi moja ya ghorofa nyingi, lakini moyo wangu uko garajini, kwa sababu nina ugonjwa wa kukusanya amplifaya za gitaa za zamani, zile za valvu. Kwa asiyezijua, ni sanduku zito lenye spika mbele, na ukichungulia nyuma unaona vitu vya kioo mfano wa vitaa vidogo, hizo ndizo valvu zenyewe, ukiwasha zinaanza kuwaka pole pole rangi ya chungwa, na mpaka zipate moto ndipo sauti inatoka, na ikitoka, wallahi, unaweza kusamehe watu waliokukosea.

Mwenzangu kwenye ugonjwa huu ni Kevo, Mkenya, muuguzi, mpiga gitaa. Siku za mapumziko tunakaa garajini, mmoja anafumba macho, mwingine anapiga nota ileile kwa gitaa lilelile kwenye amplifaya mbili tofauti, na aliyefumba macho anabashiri ipi ni ipi. Ninayoipenda kuliko zote naiita Bibi, ni ya kahawia, ilitengenezwa hapahapa Australia, sauti yake nene na ya upole. Mpinzani wake naiita Meneja, ya Kiingereza, kali, ukiigusa kidogo tu inagomba. Tunaweza kubishana juu ya hizo mbili mpaka chai ikapoa na sambusa zikaganda mafuta. Mchumba wangu Rehema yeye akisikiliza anasema zote zinalia vilevile, halafu anaongeza, "Hivyo vyombo vyako vitakuoa." Vyombo! Ndivyo tunavyoviita vya muziki, si ndiyo? Bendi ina vyombo vyake. Na vya jikoni navyo ni vyombo. Shikeni hapohapo.

Basi mama yake Rehema akaja kutoka Tanga kwa ajili ya harusi ya Zuhura, dada mkubwa wa Rehema. Mimi nilikuwa bado sijapeleka posa, na Rehema aliniambia bila kuficha: Mama akikupenda, leta posa kabla hajarudi, asipokupenda usijisumbue, maana kwetu Mama akishasema hapana hata Baba anaanza kutafuta viatu vyake aondoke. Nilikuwa nampenda Rehema mpaka naogopa. Kwa hiyo nilipopigiwa simu na namba nisiyoijua, nikasikia sauti ya kimwambao inajitambulisha kuwa ni mama yake Rehema, nilisimama wima peke yangu chumbani kama naimbiwa wimbo wa taifa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mimi mwenzio nina jambo. Nimemuuliza Rehema, huyo mwenzio ana nini huko kwake, akaniambia ana vyombo garaji nzima. Ni kweli?"

"Kweli mama."

"Vizima?"

"Vizima mama, navitunza mwenyewe. Vya zamani, lakini vizima."

"Vya zamani ndivyo vyombo. Vya siku hizi ukivitazama tu vinapasuka."

(Maneno hayohayo nimekuwa nikimwambia Kevo kila siku!)

"Vya kioo?" akauliza.

"Vya kioo mama, sitaki vingine."

"Na moto vinahimili?"

"Mama, bila moto hata havinogi!"

"Mimi chombo cha kioo nakigonga kwa kucha, kikilia vibaya najua kina ufa, nakitupa."

Wallahi nilikaa kitandani. Valvu ndivyo inavyopimwa, unaigonga taratibu kwa penseli na kusikiliza. Nimezunguka Sydney yote, kutoka Campbelltown mpaka ufukweni, sijapata mtu wa kuzungumza naye mambo haya isipokuwa Kevo, kumbe mtaalamu alikuwa Tanga, na ndiye mama mkwe!

"Basi Jumamosi mchana tuna kitchen party ya Zuhura, watu kama sitini. Utavileta? Vitatosha?"

"Mama, hata wangekuwa mia mbili!"

"Alhamdulillahi. Basi nawaambia wasikodi."

"Wasikodi mama, vya kukodi ni takataka."

"Na Rehema usimsumbue, ana mambo mengi. Nitamwambia tu vyombo tumepata."

Ningeuliza. Ningesema, "Mama, vyombo vya nini?" Lakini mtu anayesifiwa na mama mkwe haulizi maswali. Na wala sikuona ajabu, kwa sababu kitchen party ni ya wanawake watupu, sawa, lakini muziki unakuwepo, na fundi mitambo mara nyingi ni mwanaume aliyejibanza pembeni anajifanya hasikii anayofundishwa bi harusi. Nikasema nitajibanza.

Jumamosi nikavaa suti. Nikapakia Bibi na Meneja, zote mbili, kwa sababu (na hapa ndipo kiburi kilipoingia) nilitaka Mama azilinganishe aseme ipi bora. Kevo alikuwa anasukuma Meneja kwenye gari huku uso umekunjamana.

"Buda, hebu niambie. Hiyo party ni ya wamama, na hakuna bendi. Sasa amps mbili za gitaa ni za nini?"

"Mama mwenyewe kaomba."

"Alisema amplifier?"

"Alisema vyombo."

Kevo akanitazama sana. "Kwetu vyombo ni sahani, boss."

"Kwenu," nikamjibu. "Sisi Kiswahili tumezaliwa nacho."

Hilo jibu nalijutia kuliko mengine yote.

Ukumbi wenyewe ni wa jumuiya, hapohapo Blacktown. Kevo akakataa kushuka, akasema atabaki garini na gitaa mpaka aitwe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na busara. Mimi nikaviweka vyombo vyangu juu ya toroli, nikavifunika kwa kitambaa visipate vumbi, nikazunguka mlango wa nyuma. Msichana mmoja aliyekuwa anakagua sufuria za pilau jikoni akaniona, akaniuliza, "Ndivyo vyombo?" Nikasema ndiyo. Akapiga kelele kuelekea ukumbini: "Jamani, vyombo vimefika!"

Vigelegele vilivyopigwa! Nilidhani ni vyangu. Nikanyoosha tai, nikasukuma toroli mpaka ndani, na nikajikuta katikati ya wanawake sitini wa sare ya kijani, Zuhura amekaa mkekani amefunikwa kanga, na mbele yake kungwi, Bi Saumu, mama wa kiuno na mwiko mkononi, akiwa katikati ya sentensi ambayo siwezi kuirudia hapa hata mkinipa soda. Mara ukelele: "Mwanaumeee!" Kanga zikarushwa, watu wakajifunika, mwiko ukaelekezwa kwangu.

"Samahanini mama zangu," nikasema nikitazama dari, "nimeleta vyombo."

Na hapo Mama akasimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona, mwanamke mfupi, mweupe wa nywele, mwenye sauti ya kuamuru mawimbi. "Mwacheni," akasema mbele ya wote. "Huyu ni mtoto wangu. Amejitolea vyombo vyake mwenyewe. Vijana wa namna hii wamebaki wangapi?" Akapigiwa makofi. Rehema alikuwa mwisho wa ukumbi, nikamwona amefunga macho kama mtu anayesubiri kitu kianguke.

"Viandae basi mwanangu, watu wana njaa."

Njaa ya muziki, nikajisemea. Nikavuta toroli mpaka ukutani penye soketi, nikatoa kitambaa, nikachomeka Bibi, nikachomeka Meneja, nikaunganisha waya wa gitaa ukaning'inia tu maana gitaa liko garini. "Subirini kidogo," nikatangaza, "vinapata moto kwanza." Wamama wakaitikia kwa heshima, mmoja nikamsikia akimwambia mwenzake, "Siku hizi kuna vya umeme, vinapasha chakula vyenyewe." Bi Saumu, kwa kuwa mwanaume nimempa mgongo, akaamua kumalizia somo kwa fumbo.

"Bi harusi, mume hakimbiliwi. Unatulia. Unamwacha aje mwenyewe."

Sasa, amplifaya za zamani zina tabia moja, waya ukining'inia unaweza kunasa redio. Na Jumamosi mchana Sydney, redio ina nini? Mbio za farasi. Meneja ikapata moto, ikakohoa, na sauti ya mtangazaji ikajaa ukumbi mzima, mzungu anapayuka kwa pumzi moja kwamba anakuja, anakuja kwa nje, jike la kahawia anakuja, anawapita, hawamwezi, amemaliza!

Zuhura alianguka kwa kicheko, kanga na yeye wote chini. Bi Saumu akauliza, "Nani huyo anayenijibu?" Mimi nikazima, nikageuza Bibi nyuma ili angalau niwaonyeshe uzuri wa ndani, nikamwita Mama kwa unyonge: "Tazama mama. Vya kioo. Vimewaka."

Mama akaja na upawa wa kupakulia mkononi. Akainama. Akavitazama vile vitaa vidogo vya rangi ya chungwa, kimoja kimoja, muda mrefu.

"Mwanangu," akasema pole pole, "humu wali tunautia wapi?"

Hapo ndipo neno "vyombo" liligeuka kichwani mwangu, na kila nilichosema kwenye simu kikanirudia. Wasikodi mama. Hata wangekuwa mia mbili. Nilitamani valvu zipasuke zote nipate sababu ya kukimbia. Watu sitini, sufuria tatu za pilau, na sahani hakuna hata moja, kwa sababu yangu.

"Are you serious, Sudi?" Rehema alikuwa amefika. "Amps? Umemletea mama yangu amps?"

"Si wewe uliyemwambia nina vyombo?"



Mama alitazama pilau, akatazama wageni, halafu akatazama meza ya zawadi. Na zawadi za kitchen party mnazijua: seti za sahani, bakuli, vikombe, vyote vimefungwa kwa karatasi na utepe. "Zuhura mwanangu, nisamehe," akasema. "Fungueni." Ikabidi vyombo vya bi harusi vifunguliwe mbele ya kadamnasi na kutumiwa na wageni kabla ya mwenyewe, na sanduku moja kubwa lenye picha ya sahani za ukingo wa dhahabu, ambalo aliyelileta alikuwa amelitangaza tangu asubuhi, likafunguliwa kukakutwa sahani za plastiki za pikiniki. "Dukani wamenibadilishia!" akalia yule mama. Alinitazama mimi kana kwamba ndiye niliyezifunga.

Wakala. Bi Saumu akatoa hukumu: aliyeahidi vyombo ndiye atakayeviosha. Rehema akanifunga kanga juu ya suti, mkazo wa makusudi, nikaingia jikoni nikaosha seti zote za shemeji yangu, nikazifuta, nikazirudisha kwenye masanduku yake. Kevo alichungulia mlangoni mara moja, akaona kanga, akarudi garini (lakini picha alipiga, anayo mpaka leo).

Mwishoni Mama akaja, akavuta kiti, akakaa.

"Hivi wewe ni kiziwi?"

"Hapana mama."

"Mtu anakuuliza vyombo vya kitchen party, kitchen, wewe unafikiri muziki. Ulikuwa unataka nini?"

Sikuwa na uongo uliobaki. "Nilitaka unipende, mama. Ulivyosema vya zamani ndivyo vyombo, nilifurahi nikaacha kufikiri."

Nikaanza kuifuta sahani iliyokwisha kukauka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema, "Anakuja kwa nje!" akacheka tena.

"Leta posa," akasema alipopata pumzi. "Lakini lete mshenga, mtu mzima mwenye masikio. Wewe siku hiyo ubaki kwako, na usiseme na mtu."

Nami miaka yote nilikuwa nadhani mshenga ni mbwembwe za mila, kwamba kijana msomi anaweza kujisemea mwenyewe. Kumbe wazee waliwahi kuwaona wanaume wa aina yangu, wakajua kabisa kwamba bwana harusi akiachiwa azungumze na mama mkwe moja kwa moja, watu watakosa sahani. Posa ilikwenda, ikapokelewa, sikuwepo. Na nimeapa: Mama mkwe akipiga simu, naitikia salamu kwa adabu zote, halafu nampa Rehema.