Mashimo Kwenye Barafu ya Samaki

Agosti 2014, mjini Jeddah, nilimpoteza shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulikuja kwa wakala mmoja, mimi dereva wa gari la samaki, yeye kibarua wa stoo ya baridi kule Al-Mahjar. Nyumbani alikuwa mpasua miti.

Bomba lilipasuka ndani ya stoo. Maji yakafunika makreti ya samaki, yakaganda, sakafu nzima ikawa bamba moja la barafu. Samaki walionekana chini yake, macho wazi. Riyadh walikuwa wanausubiri mzigo huo. Bosi akaleta msumeno wa petroli, ule wa kukatia mitende, akauliza nani anaujua. Shemeji akanyoosha mkono.

Alikata shimo la mraba, nikaling'oa pande lake kwa mtalimbo, tukaingiza mikono na kuvuta kreti.

"Shemeji, leo sisi ni wavuvi," akasema.

"Wewe? Hata omena unamwogopa macho!" nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa.

Mlango ulifungwa ili baridi isitoke. Moshi wa msumeno ulitanda chini ya taa, hauna pa kwenda. Porini hakuwahi kuujali moshi ule, upepo ulikuwa unauchukua. Tulipotoka kupumzika, vichwa vilituuma sote wawili, naye akatapika kando ya ukuta.

"Baridi imeniingia kichwani," akasema.

Kwetu kichwa cha namna hiyo hutibiwa kwa chai ya tangawizi na kujifunika. Akanywa chai, akajifunga kitambaa hadi puani. Nje jua lilikuwa linaunguza lami. Nikamwambia tuuache mlango wazi kidogo, nikidhani hewa ya joto itamsaidia.

"Funga, shemeji. Huku joto, huku baridi, ndiko kunakoniumiza. Nikikaa humo humo nitazoea."

Bosi akapita. "Yalla, yalla! Riyadh wanapiga simu."

Shemeji akaingia, akauvuta mlango mwenyewe. Mimi nikaenda kutia gari mafuta na kulileta kwenye jukwaa la kupakilia.

Niliporudi, msumeno ulikuwa unanguruma polepole. Haukuwa unakata. Nikagonga. Nikamwita. Nikafungua, moshi ukanipiga usoni.

Alikuwa amelala kifudifudi kando ya shimo jipya, mkono mmoja ndani, ameshika ukingo wa kreti. Mimi na kibarua Msudani tulimburuta hadi nje. Msudani akampiga makofi mashavuni akimwita ndugu yake, "Ya akhi, ya akhi." Uso wa shemeji ulikuwa mwekundu kama wa mtu mwenye afya njema. Tukamweka kwenye kiti cha mbele cha gari la samaki, Msudani akimshikilia, nikaendesha.

Hospitalini daktari alimwangalia macho, akamsikiliza kifua, kisha akanigeukia. "Halas, amekwisha," akasema kwa sauti ya chini.

Nilitoka hadi kwenye maegesho, nikampigia mke wangu. Akapokea haraka, akaniuliza kama tumekula.